Mwambie Asubiri

Siku ya kumi na tatu alipiga simu akinong'ona, na nyuma ya mnong'ono wake nilisikia mtoto akikohoa, kisha kikohozi kikakatika ghafla kama kilichofunikwa na kiganja.

"Dada wa simu, leo tumefika arobaini na mmoja. Andika: arobaini na mmoja."

Nikaandika. Nje ya dirisha langu msafishaji alikuwa akiosha gari la Katibu Mkuu huku akiimba. Niliinuka nikafunga dirisha, kana kwamba wimbo ule ungeweza kupenya kwenye waya, ukamfikia huko aliko na kumtukana.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, mpokea simu wa wizara inayoshughulika na mambo ya nchi za nje. Chumba changu kilikuwa chini kabisa, kati ya ngazi na masijala. Ndani mlikuwa na swichibodi yenye taa ndogo za rangi ya machungwa, kiti kilicholalamika kila nilipogeuka, na vipande vya karatasi nilivyoandikia ujumbe wa wakubwa. Kazi ile niliipata kwa sababu ya sauti. Sina uzuri mwingine wa kutajwa, lakini sauti nilijaliwa. Wizarani walikuwa wakisema naweza kumwambia mtu nyumba yake imeungua na yeye akanishukuru.

Yeye alikuwa dereva. Aliendesha gari la balozi wetu katika nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Mauaji yalipoanza, balozi na maofisa wake waliondolewa kwa ndege siku ya nne, na yeye ndiye aliyewapeleka uwanjani. Kwenye ngazi za ndege balozi alimkabidhi funguo za nyumba yake, akamwambia aitunze, mambo yakitulia watarudi. Dereva alikuwa mwenyeji wa kule, na ndege haikuwa na nafasi ya wenyeji. Akarudi mjini peke yake, bendera yetu ikipepea mbele ya gari, akipita katikati ya watu wenye mapanga. Alipofika alimkuta mkewe, mama yake, binti zake wawili na majirani kumi na wawili wameshauruka ukuta wa balozi.

Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi saa mbili na nusu, njia ya simu ilipokuwa haijajaa, alipiga namba pekee ya serikali aliyoijua kwa kichwa. Ya kwetu. Yangu.

Sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa pumzi zake. Nilijua asubuhi aliyolala na asubuhi aliyokesha, na nilijua anapotabasamu, maana hata mle ndani alitania. Aliniambia kuna bibi mmoja kati ya wakimbizi wake anayekoroma kiasi kwamba wauaji wakipita nje watadhani balozi amerudi na jenereta mpya. Kisha, bila kubadilisha pumzi, alinitajia nyumba zilizobaki tupu katika mtaa ule tangu jana.

"Redio yenu inasema watu wanapigana," aliniambia siku moja. "Hawapigani, dada. Wanaopigana wana pande mbili. Hawa wana orodha. Wanakwenda nyumba kwa nyumba, wanauliza wewe ni wa watu gani, basi. Wanataka kumaliza watu wote wa aina yetu, hata aliye tumboni. Waambie hivyo hivyo."

Niliandika hivyo hivyo, nikapanda na karatasi hadi ghorofa ya nne kwa Mkurugenzi.

Tulimwita Bwana Nukta, kwa siri. Alikuwa mtu mpole, msomi, mwenye doa la wino mwekundu kwenye kidole cha shahada, na hakuna karatasi iliyopita mezani kwake bila kusahihishwa. Ilisemekana kwamba hata barua za mapenzi alizoandikiwa ujanani alizirudisha zikiwa na alama. Alisoma kipande changu cha karatasi pole pole, akatoa kalamu, akapiga mstari juu ya maneno ya dereva na kuandika pembeni: *Machafuko yanaendelea.*

"Si uongo," alisema aliponiona nimesimama tu. "Ni neno linalobebeka. Hilo lako likiingia kwenye jalada, kesho tutaulizwa tumefanya nini."

Mwaka ule nchi yetu ilikuwa na kiti katika baraza kubwa la dunia, na baraza lilikuwa likijadili kama liongeze askari wachache waliokuwa kule au liwaondoe. Liliamua kuwapunguza. Niliona picha gazetini: mwakilishi wetu amevaa tai nzuri, mkono juu, pamoja na wenzake wote.

Wiki ya pili dereva alileta ombi. Mwanzoni mwa mtaa wao kulikuwa na kizuizi, na kapteni aliyekisimamia alikuwa bado anaiogopa bendera. Lakini wenzake walimcheka, wakasema ubalozi umeshafungwa, kile ni kitambaa tu. Kapteni akamwambia dereva: lete barua. Karatasi moja kutoka kwa serikali hiyo, yenye muhuri, inayosema nyumba hii bado ni yao na waliomo wako chini yao. Nitawaonyesha hawa, wataacha.

"Ofisini kwa balozi, humu humu nyumbani, kuna faksi," dereva alisema. "Inafanya kazi. Nimeijaribu."

Faksi yetu ilikuwa masijala, hatua sita kutoka kwenye kiti changu. Ukurasa mmoja ulichukua dakika mbili.

Walikaa vikao vitatu. Nilipeleka chai katika kimoja, kwa kuwa mhudumu alikuwa mgonjwa, nikasikia kwa masikio yangu. Mwanasheria alisema tukiandika kwamba nyumba bado ni yetu, tutakuwa tumekanusha tangazo letu wenyewe kwamba tumefunga ubalozi. Mwingine alisema tukiwachukua arobaini, kesho watakuja mia nne. Bwana Nukta alisema jambo si dogo, lipewe muda. Hakuna aliyesema watu wale wafe. Nimetafuta sana katika kumbukumbu yangu mtu mmoja mbaya katika chumba kile, nimemkosa. Walipigiana danadana kwa adabu, wakapitisha sukari.

Ijumaa simu ililia mapema, kabla ya saa mbili. Hakunong'ona.

"Dada, kuna lori la hospitali hapa mlangoni. Lina kibali cha kufika mpakani, linaondoka sasa hivi, na mwendeshaji wake namfahamu. Anasema tukibanana tutaenea wote. Mke wangu, watoto na mama yangu wameshapanda. Hawa wengine wananitazama mimi. Mimi nakutazama wewe. Barua inakuja, au tupande?"

"Wewe unaonaje, kaka?"

"Moyo wangu uko kwenye lori. Lakini njiani kuna vizuizi saba. Nikiwatoa watu nyuma ya ukuta wakafia barabarani, halafu mchana barua ikaingia, nitasema nini? Wewe ndiye unayekaa na wakubwa. Niambie."

"Usikate. Nipe dakika tano."

Nilipanda ngazi kwa mbio, viatu mkononi. Bwana Nukta alikuwa anavaa koti kwenda mkutanoni, mkono mmoja umeshaingia. Nikamweleza. Akabaki hivyo hivyo, koti likining'inia.

"Barabara ni hatari," alisema. "Wakitoka wakauawa, tutaambiwa sisi ndio tuliowatoa. Wakikaa, hatujawaambia lolote."

"Tumewaambia wasubiri, mzee."

"Kusubiri si kitu." Akaingiza mkono wa pili. "Mwambie asubiri. Mwambie barua iko njiani."

Chumba cha nje alikaa mpigachapa wake, rafiki yangu niliyekula naye kila mchana. Nilimwuliza kama ameshaipiga barua ya nyumba ya balozi.

"Barua gani?" alisema.

Akatafuta. Jalada lilikuwa dirishani, chupa ya chai imekaa juu yake. Ndani hamkuwa na barua, hata rasimu. Nilishuka. Ngazi zile zina vidato sitini na vinne; nilivipanda na kuvishuka miaka mingi baadaye, na hakuna kimoja ambacho sikusimama juu yake, kwa mawazo, nikageuza nia. Siku ile sikusimama. Nilikuwa nakimbia, nisije nikamkawiza.

"Subirini," nilimwambia. "Barua iko njiani."

Nyuma yake lori lilikuwa likinguruma.

"Umeiona?"

Kulijibu hilo hakuna aliyenituma. Bwana Nukta alinipa sentensi moja tu, nami ningeweza kuifikisha ilivyo, nikaacha kimya changu kimwambie kilichobaki. Lakini alikuwa ameuliza, nami nilikuwa nimezoea kuwatuliza watu, na nadhani pia niliamini kwamba nikishasema, basi itabidi iandikwe. Nimejipa sababu nyingi. Nilivuta pumzi, nikaiweka sauti yangu pale ninapoiweka siku zote.

"Nimeiona, kaka. Kwa macho yangu."

"Basi," alisema, na nilisikia mabega yake yakishuka. "Ukishaiona wewe, imetosha."

Aliweka mkono wa simu mezani bila kukata. Nilisikia viatu vyake vikienda, sauti yake kwa mbali ikiwaeleza watu, sauti ya mwanamke ikipanda juu ya zote, kisha lango la chuma, kisha lori likibadilisha gia na kufifia. Akarudi.

"Limeondoka," alisema. "Asante, dada."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku yangu ya mapumziko. Nilikaa na mama yangu sebuleni tukikunja nguo zilizokauka, redio ikisema wakubwa wa dunia wana wasiwasi mkubwa. Mama alinitazama kama anavyomtazama mwuzaji anayeficha tunda bovu chini ya mazima.

"Shuka hiyo umeikunja mara tatu," alisema. "Kuna nini?"

"Nimechoka tu, mama."

"Haya." Akainyakua, akaikunja yeye.

Jumatatu saa mbili na nusu taa haikuwaka. Saa tatu nikapiga mimi. Ililia, ikalia, ikakatika yenyewe. Nilipiga hadi saa nne. Kisha nilifanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa siku kumi kabla yake. Karani wa masijala alikuwa ametoka kunywa chai. Nilichukua karatasi yenye nembo ya taifa, nikakaa kwenye mashine yake ya chapa, nikaandika mistari minane: kwamba nyumba ile ni yetu, na kila aliyemo yuko chini ya ulinzi wetu. Nikaweka sahihi ya Mkurugenzi, nikagonga muhuri. Ilinichukua dakika kumi na moja. Nikaiweka kwenye faksi.

Mashine ilitoa ulimi wa karatasi: hakuna jibu. Nikarudia. Mara ya saba, Bwana Nukta alikuwa amesimama nyuma yangu.

Aliichukua barua akaisoma. Mkono wake, kwa mazoea tu, ukatoa kalamu nyekundu ukahamisha koma moja mstari wa tano. Ndipo akaiona sahihi yake. Kalamu ikasimama. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui aweke wapi mikono yake. Nilisubiri anifukuze kazi; nilikuwa natamani. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akatoka. Hatukuizungumza kamwe. Baada ya miaka miwili alipandishwa cheo.

Wiki tatu baadaye mwandishi wa habari wa nchi nyingine alifika katika mtaa ule. Nyumba ya balozi ilivamiwa Jumamosi asubuhi, aliandika. Hakukutwa mtu hai. Niliinakili taarifa hiyo, nikaipeleka juu. Safari hiyo Bwana Nukta hakufuta neno.

Nikaendelea kufanya kazi. Watu huuliza, wachache ninaowahadithia, kwa nini sikuacha. Mama alikuwa na dawa zake, nyumba ilikuwa ya kupanga, na kusema kweli niliogopa kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayenipigia simu.

Ikapita miaka kumi na miwili. Swichibodi iling'olewa, mimi nikafanywa mkuu wa mapokezi. Siku moja wizara ikaandaa kumbukumbu ya wale waliouawa. Neno lile lililokuwa halibebeki lilikuwa sasa limeandikwa kwenye kitambaa ukutani, kwa herufi kubwa: mauaji ya kimbari. Kila mtu alilitamka bila shida. Bwana Nukta, aliyekwisha kustaafu, alikaa safu ya mbele na mkongojo wake. Waziri, kijana ambaye wakati ule alikuwa bado chuoni, alisoma hotuba aliyoandikiwa. Alisema laiti taarifa zingetufikia kwa wakati. Alisema laiti tungejua. Bwana Nukta alipiga makofi, nami, nimesimama mlangoni na orodha ya wageni, nilipiga pia. Viganja vyangu vilikuwa vimeshaanza kabla sijavikataza.

Kisha akaitwa mgeni kutoka kule, mwanamke mrefu aliyevaa gauni la kijivu. Alitambulishwa kuwa mjane wa mtumishi wa zamani wa ubalozi wetu. Hakusema mengi. Alishukuru kwa kukaribishwa, akasema mumewe alikuwa dereva, akarudi kukaa.

Nilipewa kazi ya kumpeleka chumba cha wageni hadi gari lake lije. Nilimwekea maji. Ningeweza kutoka. Hakuwahi kuisikia sauti yangu, hakujua uso wangu; hakuna mtu aliye hai aliyejua nilichomwambia mumewe. Nilifunga mlango, nikabaki upande wa ndani.

"Mama," nilimwambia, "mimi ndiye niliyekuwa napokea simu za mumeo."

Aliweka bilauri chini.

"Dada wa simu," alisema.

"Ndiyo."

"Alikuwa anakutaja. Alisema huko kuna mtu mmoja anayesikiliza." Akanitazama muda mrefu, lakini si kwa chuki, alinitazama kama mtu anayelinganisha picha na mwenye picha. Kisha akaanza kusema mwenyewe, kama aliyekuwa akitafuta miaka yote mtu wa kumwambia. "Sisi tulivuka, unajua? Jioni ile ile. Vizuizi saba, na katika vyote saba walitazama kibali wakatupungia mkono. Lori lilikuwa nusu tupu, dada. Mtu aliweza kunyoosha miguu."

Nilibaki nimeegemea mlango.

"Mimi na yeye tuliachana vibaya," aliendelea. "Alikuja langoni akasema yeye na wengine wanabaki. Nikamwuliza kwa nini, akasema ni lazima. Hakukuwa na muda wa maelezo, lori linaondoka, watoto wanalia. Nikamwambia mbele ya mama yake, kaa basi na bendera yako, ndiye mke wako. Neno la mwisho hilo. Nimewalea watoto huku nikiwaambia baba yenu alikuwa shujaa, na moyoni nasema alikuwa mjinga aliyependa kazi ya watu kuliko sisi. Miaka kumi na miwili nimemkasirikia maiti."

Nilikaa kwenye kiti kilicho mbele yake. Nikamwambia. Nilimwambia jinsi alivyoniuliza, na kwamba alisema moyo wake uko kwenye lori. Nikamwambia kuhusu jalada na chupa ya chai. Nikamwambia kwamba aliniuliza kama nimeiona barua, nikasema nimeiona, na hapakuwa na barua. Sikumtaja Mkurugenzi katika sehemu hiyo. Haikuwa yake.

Alisikiliza akitazama mikono yake. Nilipomaliza, nje dereva wa wizara alikuwa ameshapiga honi mara mbili.

"Rudia alivyosema," aliniambia. "Maneno yenyewe."

"Alisema, 'Moyo wangu uko kwenye lori.'"

"Kwa hiyo alitaka kupanda."

"Alitaka kupanda."

Akafunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakamtikisika, na sikujua kama nina haki ya kumgusa, nikaacha. Alipoondoa mikono uso wake ulikuwa umelowa na umekuwa mgumu.

"Sitakuambia maneno ya kukufariji," alisema. "Usiyangoje."

"Siyangoji."

"Binti zangu wako hotelini. Mkubwa ana miaka kumi na minane. Nikiwaambia mimi watadhani nimetunga, ili kumsafisha baba yao, au kujisafisha mimi. Twende ukawaambie wewe. Yote, na hilo la kusema umeiona."

Sikuaga mtu. Nilikabidhi orodha ya wageni kwa mlinzi, nikamfuata hadi garini. Alitazama dirishani, mitaa yetu ikipita, watu wakinunua vitu, watu wakicheka. Taa nyekundu ilipotusimamisha aliondoa mkoba wake kitini katikati yetu, akaupakata, nikapata nafasi ya kukaa vizuri.

Hotelini tulipanda hadi ghorofa ya pili. Mkubwa ndiye aliyefungua mlango, mrefu kama mama yake, mswaki mdomoni. Mdogo alikuwa amejilaza kitandani akitazama filamu ya katuni na kula njugu kutoka kwenye mfuko.

"Kaeni vizuri," mama yao aliwaambia. "Huyu mama ana habari za baba yenu."

Wakanitazama wote wawili. Mdogo akapangusa chumvi vidoleni, akanyoosha mkono, akazima televisheni.